Seketa na Merikani: Uhakiki wa Ufumaji wa Mkono

Katika madarasa yetu ya itikadi tumezoea kuijadili sanaa kwa kupitia ushairi, riwaya, tamthilia na ngoma. Mara chache tunagusa vinyago vya Wamakonde au michoro ya Tingatinga. Nguo haimo. Nguo tunaijadili siku nyingine, katika somo la uchumi, tunapozungumzia pamba, viwanda na mitumba. Mgawanyo huu tumeurithi bila kuuhoji, nao umejengwa juu ya fikra ya kitabaka: kwamba kazi inayofanywa na mtu asiye na jina, tena kwa ajili ya matumizi ya kila siku, haiwezi kubeba mawazo. Makala hii inakusudia kuipinga fikra hiyo kwa kuuchambua ufumaji wa mkono wa pamba kama ulivyokuwa magharibi ya nchi yetu, na kuonyesha kwamba ufumaji ni sanaa kamili ya kueleza mawazo na hisia, na kwamba kuuawa kwake lilikuwa tendo la kisiasa.

Jambo hili lilijitokeza waziwazi katika mjadala wa makada wa kata ya Kasokola, Manispaa ya Mpanda, mkoani Katavi. Mkulima mmoja aliuliza: ndugu mwalimu, ngoma inaimba, kinyago kina uso, nguo tupu isiyo na picha wala maandishi inasema nini? Swali ni zuri kuliko majibu mengi yaliyotolewa siku ile. Wapo waliosema nguo hueleza utamaduni, jibu ambalo halielezi kitu. Wapo walioitaja kanga na methali zake. Lakini kanga husema kwa maneno yaliyopigwa chapa juu ya kitambaa. Ukiyafuta maneno, kitambaa kinachobaki ni kilekile cha kiwandani. Mkulima yule alikuwa anauliza juu ya uzi wenyewe.

Kasokola si mahali pa kubahatisha kwa mjadala kama huu. Tukiiangalia ramani ya kale, sehemu hii ya Mpanda imezungukwa na nchi za nguo. Kusini kuna Ufipa na bonde la Ziwa Rukwa. Mashariki na kaskazini kuna Ukonongo na Unyamwezi. Burton na Speke walipofika Unyanyembe mwaka 1857, walikuta watu wanaolima pamba, wanaosokota na kufuma, na Burton aliandika habari za kazi hiyo. Livingstone naye, alipopita Ufipa mwaka 1872 katika safari yake ya mwisho, aliona pamba na nguo za wenyeji. Tunawataja wageni hawa kwa sababu wao ndio walioshika kalamu, na ushahidi wao una uzito wa pekee: watu waliokuja na mizigo ya vitambaa vya kigeni kwenye mabega ya wapagazi wanakiri wenyewe kwamba walimkuta Mwafrika amevaa nguo aliyoifuma. Kasumba ya kwamba kabla ya ukoloni watu wa bara walivaa ngozi na magome ya miti tu bado inafundishwa na baadhi yetu, hata katika madarasa ya Chama.

Nguo ya Ufipa iliitwa seketa. Ilikuwa nzito, nyeupe, na yenye milia ya uzi mweusi. Ilifumwa na wanaume kwenye kitanda cha mfumi kilicholala juu ya ardhi. Kitanda hicho kinaelezeka kwa maneno machache: mambo manne yamepigiliwa ardhini, miti miwili imefungwa kwenye mambo hayo, mmoja huku na mmoja kule, na kati yake nyuzi za mtande zimevutwa zikakaza. Kijiti kimoja kimefungwa kwa vitanzi kwenye nyuzi zile, moja ndani na moja nje, kikawekwa juu ya viegemeo. Ubao mpana uliochongwa kama upanga hupenyezwa kati ya nyuzi, ukasimamishwa ili kufungua njia, mshindio ukapitishwa, ubao ukalazwa na kuugonga mshindio mpaka ukabana. Hakuna msumari wala chuma. Katika kitanda cha namna hii nguo haisogei. Anayesogea ni mfumi, ambaye huanza upande mmoja na kusonga mbele kidogo kidogo, amekaa juu ya kazi aliyokwisha kuimaliza.

Watu hudhani kwamba kazi kubwa ni kufuma. Kazi kubwa ni uzi. Pamba huvunwa, mbegu zikatolewa kwa vidole, nyuzi zikachambuliwa, kisha zikasokotwa kwa kijiti chenye kigurudumu kidogo cha kukipa uzito. Tufanye hesabu. Chukua nguo ya urefu wa mita 1.8 na upana wa mita 0.9, yaani kiasi cha shuka moja, na ufumaji wa kawaida wa nyuzi 5 katika kila sentimita, kwa mtande na kwa mshindio. Mtande unataka nyuzi 450, kila moja mita 1.8, ambazo ni mita 810. Mshindio unapita mara 900, kila mara mita 0.9, ambazo ni mita 810 nyingine. Nguo moja ya kumfunika mtu mmoja inataka zaidi ya mita 1,600 za uzi, na kila mita imepita kati ya kidole gumba na cha shahada cha mtu. Atakayeishika nguo ile anashika siku nyingi za maisha ya mwenzake. Kwa sababu hiyo uzi wa mkono hauwezi kulingana kila mahali. Una mahali palipovimba na mahali palipokonda, na mfumi hodari anajua wapi auweke uzi mnene na wapi auweke mwembamba.

Sasa tunaweza kulijibu swali la Kasokola kwa kutumia silaha zetu za kawaida za uhakiki, yaani fani na maudhui. Katika ushairi, mwanafunzi anaweza kujidanganya kwamba maudhui yako huku na fani iko kule, kama maji na mtungi. Katika nguo iliyofumwa udanganyifu huo hauwezekani. Mlia mweusi wa seketa haukupakwa juu ya nguo. Mlia ni nguo. Ukiuondoa, nguo inabaki na pengo. Hapa pana tofauti kubwa na kitenge kilichopigwa chapa, ambacho picha yake inaweza kuhamishiwa kesho kwenye mfuko wa plastiki pasiwe na kilichopotea.

Tena kuna suala la uamuzi. Mlia unaokwenda kwa urefu wa nguo lazima uamuliwe wakati wa kutanda, kabla ya mshindio wa kwanza kupita. Mfumi anayetanda nyuzi nyeupe 40, nyeusi 6, nyeupe 4, nyeusi 6, amekwisha kujifunga. Hata akijuta katikati ya kazi, nguo itamkumbusha uamuzi wake mpaka mwisho. Mlia unaokwenda kwa upana, kwa upande mwingine, unaamuliwa palepale, na mfumi anaweza kuuleta mapema, kuuchelewesha, kuurudia au kuunyima. Uzuri wa nguo yenye milia unatokana na mvutano huu kati ya lililoamuliwa tangu mwanzo na linaloamuliwa njiani. Mpiga ngoma anaujua mvutano huo, na mtunzi wa shairi la vina anaujua pia. Mfumi anausema kwa uzi, nasi tukiwa watazamaji tunaweza kuusoma: hapa alikuwa na haraka, hapa alitulia, hapa uzi mweusi ulikaribia kumwishia akaunyosha mlia ukawa mwembamba. Kule kukosa maneno hakumfanyi awe bubu.

Nitoe tahadhari hapa, kwa sababu najua mwelekeo wa makada wetu. Nimekwisha kusikia wakisema kwamba mtande ni Chama na mshindio ni wananchi, au kwamba mtande ni mpango na mshindio ni utekelezaji. Ulinganisho wa aina hii hufurahisha katika mkutano wa hadhara, na mimi sina ugomvi na mkutano wa hadhara. Lakini si uhakiki. Ukiigeuza nguo kuwa mfano wa jambo jingine, umekwisha kuacha kuitazama. Lugha yetu ina ushahidi bora kuliko mifano hiyo ya kubuni. Neno «mfumo», tunalolitumia kila siku tunaposema mfumo wa uchumi, limetoka katika kufuma. «Mtandao» umetoka katika kutanda. Wazee waliojenga Kiswahili walikopa kutoka kwa mfumi walipotaka kusema jinsi mambo mengi yanavyoshikana yakawa kitu kimoja. Hawakumchukulia kuwa mtu asiye na mawazo.

Iliuawaje sanaa hii? Jibu la haraka ni kwamba kitambaa cha kiwandani kilikuwa rahisi. Jibu hilo ni la kweli, tena ni pungufu. Mwaka 1833 Marekani ilitia saini mkataba wa biashara na Sultani Said, na wafanyabiashara wa Salem, katika jimbo la Massachusetts, wakaanza kuleta Unguja kwa wingi kile kitambaa cheupe kisichopaushwa ambacho mpaka leo wazee wetu wanakiita merikani. Kitambaa hicho kilifumwa na mashine za Massachusetts kutokana na pamba iliyolimwa kusini mwa Marekani na watumwa, yaani Waafrika na wana wa Waafrika waliouzwa. Kutoka Unguja kilipanda bara pamoja na misafara, mpaka Tabora na Ujiji. Kilipimwa kwa shuka na doti, kikawa fedha: hongo ililipwa kwa doti, posho ya mpagazi ililipwa kwa kitambaa, pembe na watumwa vilinunuliwa kwa kitambaa. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, kuanzia 1861 mpaka 1865, vilipoikatisha biashara hiyo, vitambaa vya Uingereza na baadaye vya viwanda vya Bombay vilijaza nafasi. Jasho la Mwafrika aliyetumikishwa ng'ambo likarudi Unyamwezi katika umbo la nguo, likamnyang'anya kazi Mwafrika aliyebaki. Ni vigumu kupata mfano ulio wazi zaidi wa kuonyesha kwamba ubepari ni mfumo mmoja wa dunia.

Walter Rodney, aliyefundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alilieleza jambo hili la kudidimizwa kwa ufundi wa nguo wa Kiafrika katika kitabu chake maarufu cha mwaka 1972 juu ya jinsi Ulaya ilivyoididimiza Afrika. Helge Kjekshus, katika kitabu chake cha mwaka 1977, alizijadili chuma, chumvi na pamba kama viwanda vya Tanganyika kabla ya ukoloni. Wote wawili wanatusaidia sana kwa upande wa uchumi. Lakini kwa mhakiki wa sanaa kuna hasara nyingine ambayo haionekani katika hesabu za biashara. Merikani ilipokuwa fedha, nguo zote zilianza kupimwa kwa kipimo cha merikani, yaani urefu wa kitambaa. Kwa kipimo cha urefu seketa ilikuwa ghali na yenye kuchelewa. Uzito wake, milia yake na akili ya aliyeitanda havikuwa na mahali pa kuandikwa katika daftari la Mhindi wala la Mwarabu. Thamani ya kubadilishana iliimeza thamani ya matumizi, na ikaimeza pia ile thamani ya tatu ambayo wanauchumi wetu hawaitaji, thamani ya kusema.

Bonde la Rukwa na Ufipa, kwa kuwa mbali na barabara kuu ya misafara, viliendelea kufuma hata baada ya Unyamwezi kuacha, na kazi hiyo iliingia katika karne ya 20. Kisha likaja lile zuio la kulima pamba katika mikoa ya kusini, Rukwa ikiwamo, kwa ajili ya kumzuia funza mwekundu asifike kwenye mashamba makubwa ya pamba ya kuuzwa nje. Kitaalamu zuio hilo lilikuwa na sababu zake. Hata hivyo tuone lilikuwa linalinda nini: pamba ya kwenda nje ililindwa, na pamba ya kuvaa mwenye nchi haikuhesabiwa kuwa pamba. Nayo reli ya tawi kutoka Kaliua ililetwa Mpanda kwa ajili ya madini ya risasi. Ilichukua risasi ikaleta vitambaa.

Hata hivyo tusiupambe ufumaji wa kale kupita kiasi. Wapo wenzetu ambao kila kilichokuwapo kabla ya mkoloni kwao ni ujamaa. Nguo ilikuwa mali, na mali ilikuwa na wenyewe. Huko visiwa vya Cape Verde, pano zilizosifika kwa uzuri zilifumwa na watumwa kwa ufundi uliotoka bara ya Guinea, na Wareno walizitumia kama fedha ya kununulia watumwa wengine. Rodney ameliandika hilo pia, katika kitabu chake cha mwaka 1970 juu ya pwani ya Guinea ya Juu. Mikono iliyofungwa ilifuma kitu kizuri, na kitu hicho kizuri kikafunga mikono mingine. Mhakiki mwanamapinduzi lazima aweze kuyasema yote mawili kwa pamoja, kwamba nguo ile ni sanaa ya hali ya juu na kwamba mahusiano ya uzalishaji yaliyoizaa yalikuwa ya kinyama.

Kuna mfano mwingine, wa kusini ya pwani yetu, ambao mimi naupenda kuliko yote. Mwanzoni mwa karne ya 16 Mreno Duarte Barbosa aliandika juu ya Waislamu wa Sofala, katika Msumbiji ya leo. Walilima pamba na kufuma nguo nyeupe, lakini hawakuwa na rangi. Walichofanya ni kuchukua nguo za buluu zilizoletwa kutoka Cambay, India, wakazifumua uzi kwa uzi, kisha wakaufuma uzi ule pamoja na uzi wao mweupe wakapata nguo za rangi mbili. Barbosa aliliona jambo hilo kama dawa ya upungufu. Mimi naliona kama tendo kubwa la kisanaa. Mfumi wa Sofala hakuikataa nguo ya kigeni, wala hakuivaa kama ilivyokuja. Aliirudisha kuwa uzi. Tukumbuke kwamba katika Kiswahili kufumua ni kinyume cha kufuma, na hapa kufumua kulikuwa hatua ya kwanza ya kufuma. Mijadala yetu mingi juu ya utamaduni wa kigeni ingepata nuru kama ingeanzia Sofala badala ya kuanzia kwenye urefu wa sketi.

Duniani kwa jumla, ufumaji ulipata kutambuliwa kuwa sanaa kwa njia ndefu, nayo ina somo. Ulaya na Marekani waliuhesabu kuwa kazi ya wanawake na ya mafundi mpaka katikati ya karne ya 20. Anni Albers, aliyejifunza kufuma katika shule ya Bauhaus nchini Ujerumani, alipewa maonyesho yake peke yake katika jumba la sanaa za kisasa la New York mwaka 1949, na kitabu chake juu ya ufumaji kilitoka mwaka 1965. Mwaka huohuo wa 1965 Magdalena Abakanowicz wa Poland alipata medali ya dhahabu huko São Paulo kwa kazi zake za nyuzi, na baada ya hapo akafuma maumbo makubwa ya katani yaliyoning'inia kama miili. Nguo hizo hazikuwa na picha wala maandishi, na watazamaji walielewa kwamba zinawasemesha. Albers alikiri deni lake kwa wafumaji wa kale wa Peru. Kwa wafumaji wa Afrika dunia imekuwa nzito zaidi. Kente ya Ghana, ambayo Nkrumah aliivaa mbele ya mataifa makubwa ili kusema jambo la kisiasa bila kufungua kinywa, iliingia katika orodha ya UNESCO ya urithi wa utamaduni usioshikika mwaka 2024.

Na sisi je? Mwalimu Nyerere aliunda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana mwaka 1962. Azimio la Arusha lilitangazwa mwaka 1967, kiwanda cha Urafiki kikafunguliwa Dar es Salaam mwaka 1968, SIDO likaanzishwa mwaka 1973. Njia ya viwanda vikubwa vya nguo ilikuwa sahihi; taifa haliwezi kuvikwa kwa kijiti cha kusokotea, na anayedai vinginevyo hajaifanya hesabu ya mita 1,600. Kosa halikuwa viwanda. Kosa lilikuwa kudhani kwamba kiwanda kikishapatikana, ufumaji wa mkono hauna kazi tena isipokuwa kuwa mradi mdogo wa kuongeza kipato au kitu cha kuonyeshwa mgeni rasmi siku ya Sabasaba. Mashine ya kuchapa vitabu haikuua ushairi, kwa sababu hakuna aliyemtaka mshairi ashindane na mashine kwa wingi wa kurasa. Mfumi ndiye tuliyemtaka ashindane. Vinyago na michoro viliokoka kwa sababu mtalii anaweza kuvibeba na msanii anaweza kutia jina lake. Nguo inavaliwa, inafuliwa, inachakaa, inakuwa tambara la kubebea mtoto, inakwisha. Sanaa inayokubali kwisha pamoja na mwenye kuitumia haina soko la wakusanyaji, lakini hilo si dosari ya sanaa hiyo.

Udhaifu wetu huu unaonekana vizuri katika mjadala wa vazi la taifa, ambao umezuka na kuzama mara kadhaa, ukiwamo ule wa mwaka 2011. Tumebishana juu ya mshono: kola iweje, kanzu iwe fupi au ndefu. Tumebishana juu ya rangi za bendera. Ni nadra kumsikia mtu akiuliza uzi utatoka wapi na nani ataufuma. Tanzania inauza nje sehemu kubwa ya pamba yake ikiwa bado haijawa uzi, kisha inanunua mitumba. Nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilipokubaliana mwaka 2016 kuipunguza mitumba hadi kuiondoa, Marekani ilitishia kuziondolea nafuu ya soko la AGOA. Tanzania na Uganda zililegeza. Rwanda ilishikilia, na mwaka 2018 ikasimamishiwa nafuu hiyo kwa upande wa nguo. Kutoka mkataba wa 1833 mpaka hapo ni miaka 185, na bado Marekani ina la kusema juu ya kitakachovaliwa Mpanda.

Mchakato uleule unaendelea mbele ya macho yetu katika kazi ya kusuka, ambayo ndiyo dada ya kufuma. Mikeka, vikapu na nyungo havikuuawa na merikani, kwa kuwa hakukuwa na meli iliyoleta mikeka ya bei ya chini. Kwa hiyo ujuzi wa kupanga milia na mapambo kwa vidole, uliokatika katika nguo, uliendelea katika ukindu na majani, tena zaidi mikononi mwa wanawake. Wilaya jirani ya Nsimbo ina makazi ya Katumba, walikofikia Warundi waliokimbia mauaji ya mwaka 1972 na ambao wengi wao walipata uraia wa Tanzania mwaka 2014. Hao wanatoka katika nchi yenye ufundi mkubwa wa vikapu vya kuzungusha vyenye mapambo ya pembe. Wasukuma waliohamia na mifugo yao wana yao. Katavi leo ni mahali ambapo namna kadhaa za kusuka zinaishi jirani. Sasa mkeka wa plastiki umefika kila duka, na umechapwa sura ya mkeka uliosukwa. Mashine imechukua pambo ikaacha uamuzi uliolizaa. Mwanamke anayesuka leo anaambiwa kwamba mkeka wake ni ghali, kwa kipimo kilekile kilichotumiwa dhidi ya seketa.

Kada anayetaka kuhakiki mkeka au nguo asianze kwa kuuliza inaashiria nini. Aitazame kingo, maana mwenye haraka hujulikana kwenye kingo. Ahesabu milia, aone ni wapi hesabu imevunjwa, na afikiri kama imevunjwa kwa kusahau au kwa kutaka. Amuulize aliyesuka alianzia wapi na ni lini alijua kwamba kazi itakuwa hivi. Majibu ya swali hilo la mwisho, kwa uzoefu wangu, ni uhakiki wa sanaa uliokomaa kuliko mwingi unaoandikwa vyuoni, ila hutolewa kwa lugha ya kazi na kwa hiyo hatuusikii.

Pamba inalimwa tena karibu nasi, katika Wilaya ya Tanganyika. Darasa la kata linaweza kupata kilo moja. Kijiti na kigurudumu chake ni kazi ya nusu saa kwa mwenye kisu. Kila kada asokote kwa saa moja, uzi wake upimwe na urefu uandikwe ubaoni karibu na ile hesabu ya mita 1,600, kisha uhakiki wa seketa na merikani uendelee kutoka hapo.